Amenishika mguu bwawani, anasema ndiyo sheria

Shikamoo Anti,

Nina miaka 36, mama wa watoto wawili, naishi Tabata, na kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti kuanzia asubuhi hadi jioni. Mwaka jana mgongo ulinishika hadi nikawa nashuka kwenye daladala kinyumenyume. Daktari akaniambia nichague: kutembea au kuogelea. Kutembea kwa mitaa yetu, na zile bodaboda zinazopita hadi kibarazani kwa mtu, nikaona ni kubadilisha ugonjwa tu. Nikachagua maji.

Nikajiandikisha kwenye bwawa la hoteli moja jirani na ofisi. Kocha akanifundisha miezi miwili, mtindo wa chura, maana huo mtindo huru pumzi inanigomea. Leo naweza kwenda urefu wote wa bwawa, mita 25, bila kushika kamba. Najua kwa wengine ni jambo dogo. Mimi siku ya kwanza nilipofika ng'ambo nililia ndani ya miwani.

Huwa navaa vazi la kuogelea la kujisitiri, lile la kufunika kuanzia kichwani hadi vifundoni. Nakwenda Jumatatu na Jumatano, saa kumi na moja na nusu jioni, na shosti wangu wa ofisini.

Bwawa lina njia tatu zilizotengwa kwa kamba zenye maboya. Kila njia ina kibao chake cha Kiingereza: polepole, wastani, kasi. Ile ya polepole iko upande wa ngazi, na jioni hujaa watoto wananing'inia kwenye kamba kama popo. Kwa hiyo sisi huingia ya wastani. Tunaogelea taratibu, bega kwa bega, tukipeana habari za ofisini. Tukifika mwisho tunashika ukuta, tunapumua, tunamalizia stori, kisha tunarudi. Hatumsumbui mtu.

Jumatano ya wiki juzi akaja kaka mmoja mrefu, kofia nyeusi, saa kubwa mkononi. Hakusalimia, hakusema lolote, akajitosa kwenye njia yetu. Tulipofika katikati ya bwawa nikahisi kitu unyayoni. Nikadhani ni kamba. Mara ya pili nikajua ni mkono, nikazidisha miguu nimkimbie. Mara ya tatu akanishika kifundo cha mguu, Anti, akakikamata na kukivuta! Na pale maji yananipita kimo. Nikameza maji, nikapiga kelele, nikajikuta nimeikumbatia kamba.

Akapandisha miwani yake, akasema: "Dada, nimekugusa mara mbili kistaarabu. Ukiguswa mguu unapisha, hiyo ni sheria ya kimataifa ya kuogelea. Na hapa siyo kijiweni." Kijana anayelinda bwawa alikuwa anacheka na simu yake. Sijui alikuwa anatucheka sisi au alichokuwa anakitazama.

Nilitoka majini natetemeka. Mume wangu nilipomweleza akagawanyika vipande viwili: kimoja kinataka niache kuogelea kabisa, kingine kinataka kuja Jumatatu "kumsalimia huyo mwanasheria". Shosti wangu naye anasema nimekuza mambo, mguu ni mguu tu. Mimi nimelelewa kwamba mwanamume asiye wangu hanigusi hata ukucha, na sijui hiyo sheria yao inaingiaje hapo.

Naomba uniambie, sheria ya kugusana miguu ipo kweli? Kama ipo, sisi wengine tunaishi nayo vipi? Na je, kwa uzito wangu huu wa majini nina haki gani ya kuwa njia ya wastani, au nikae na wale popo hadi nijue kukimbia? Nimeshakosa wiki nzima, na mgongo umeanza kunikumbusha.

Nyongeza: wakati naondoka alisema tena, kwa sauti, kwamba maji yanawasha macho kwa sababu ya watu wanaoingia na mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi napaka kweli. Alijuaje?

Mzito wa Majini,
Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa maji uliyokunywa.

Nianze na huyo mwanasheria. Hakuna sheria ya kimataifa inayosema ukiguswa mguu upishe. Sheria zilizoandikwa ni za mashindano, na huko kila mwogeleaji anapewa njia yake peke yake, upana mita 2.5, na anayemwingilia mwenzake anaondolewa. Tungefuata sheria anazozitaja, wa kwanza kutoka majini angekuwa yeye na saa yake.

Alichokuwa anakisema ni desturi. Na desturi hiyo ipo, sitakuficha. Waogeleaji wa nchi nyingi wanaijua, nayo ina sababu. Ukiwa majini masikio yamezama, sauti haikufikii, honi huna, taa ya kuonyesha unataka kupita huna. Kitu pekee ambacho mtu wa nyuma anaweza kukifikia ni miguu yako. Basi anagusa unyayo au vidole, kwa ncha za vidole vyake, mara moja, kama mtu anayebisha mlango wa chumba cha mgonjwa. Wewe husimami hapohapo katikati, wala huongezi mbio. Unaendelea kwa mwendo wako mpaka ukutani, unajibana kwenye kona, anapita, unamfuata. Hapo mambo yameisha.

Lakini kushika hakumo kwenye desturi hiyo, wala kuvuta. Mkono ukipanda juu ya kisigino, hapo si kuogelea tena. Kumvuta mguu mtu anayejifunza, mahali maji yanampita kimo, kunaweza kumzamisha, na hata kama huyo kaka hakuwa na nia mbaya, maji hayaulizi nia. Kwa hiyo shosti wako amekosea anaposema mguu ni mguu tu. Hukukuza kitu. Kikitokea tena, toka majini, usibishane na mtu aliyelowa, nenda moja kwa moja kwa msimamizi wa bwawa na umweleze hivyohivyo ulivyonieleza: maji marefu, kifundo, kuvutwa. Neno "alinizuia" litapuuzwa. Neno "nilimeza maji" halitapuuzwa. Na huyo kijana wa simu mtaje pia, maana analipwa kutazama maji.

Kwa haki yake, nikuambie jambo moja kuhusu ule mguso wa kwanza. Mtu anayeogelea nyuma ya miguu ya mwenzake anabebwa. Maji yako yanamvuta mbele, anatumia nguvu kidogo, anajiona mwepesi kuliko alivyo, na mara kidole kinagonga unyayo bila kukusudia. Hutokea kila siku. Ila kumkaribia hivyo mtu wa mtindo wa chura ni ujasiri wa kipekee, kwa sababu teke la chura linafunguka kando na kufunga kwa nguvu. Bado kidogo tu ungemtoa meno, na barua hii angeiandika yeye.

Sasa nikugeukie wewe.

Soma tena sentensi yako: "Tunaogelea taratibu, bega kwa bega, tukipeana habari za ofisini." Halafu ukamalizia: "Hatumsumbui mtu." Mwanangu! Njia ya mashindano ina mita 2.5, na za hotelini mara nyingi ni nyembamba zaidi. Mtu mmoja wa chura, mikono ikifunguka na miguu ikipiga, anakula karibu nusu yake. Wawili sambamba mmeijaza yote, kamba hadi kamba. Umeshawahi kukaa nyuma ya bajaji mbili zinazokwenda sambamba kwenye kichochoro, madereva wanaulizana hali ya biashara? Basi. Huyo kaka hakuwa na pa kupita kushoto, hakuwa na pa kupita kulia, na hata kama mngempisha ukutani asingepata nafasi, kwa sababu ukutani ndipo mlipokuwa mnamalizia stori.

Sikusemi kwa kukucheka. Mimi nimekulia Tanga, kuogelea nimejifunza baharini, na bahari haina foleni. Bwawa nimeingia nikiwa na miaka 41. Siku ya kwanza nikaogelea urefu mmoja, nikafika, nikaegemeza viwiko ukingoni, mgongo ukutani, katikati kabisa, nikawa natazama watu wanavyokuja. Nikashangaa kila anayenifikia ananikunjia uso. Bibi mmoja, mkubwa kuliko nilivyo leo, akanisogelea na kuninong'oneza: "Mwanangu, umekaa mlangoni." Ukuta wa bwawa ni mlango, kila anayegeuka anapita pale. Tangu siku hiyo napumzika kwenye kona, nimejikunja kama mzigo uliosahaulika, na katikati nawaachia wanaogeuza.

Ila kosa kubwa la jioni ile silioni kwenye mwendo wako wala kwenye stori zenu. Kosa kubwa ni kwamba mtu aliingia bila hodi. Sisi tuliofundishwa kupiga hodi hata kwenye nyumba ambayo mlango uko wazi na tunamwona mwenyeji amekaa, tukifika bwawani tunaruka tu. Sijui ni kwa sababu tumevua nguo tukadhani tumevua na adabu.

Hodi ya bwawani si adabu peke yake, ina kazi. Watu wawili wakiwa katika njia moja, wana ruhusa ya kuigawa: kuna mstari mweusi chini ya maji, huyu anakaa upande huu anakwenda na kurudi humohumo, yule upande ule. Ni raha, hakuna kufukuzana. Lakini akiingia wa tatu, ule mgawanyo umekufa. Inabidi wote mzunguke: mnakwenda upande mmoja wa mstari, mnarudi upande wa pili, kama barabara. Sasa fikiria wawili wanaendelea kugawana na wa tatu ameshaanza kuzunguka bila kuwaambia. Muda si mrefu mtu anakutana na mwenzake uso kwa uso, vichwa vimeinama, kila mmoja ana uhakika hiyo ni njia yake. Nimeona pua ikitoka damu namna hiyo. Kwa hiyo anayeingia anakaa ukingoni, miguu ndani ya maji ili mnaokuja mwione, anasubiri wote wamwone, anasema "habari zenu, naomba tuzunguke". Mkishaitikia ndipo anaingia. Huyo kaka angefanya hivyo, wewe na shosti mngejua mapema kwamba bega kwa bega kumekwisha, mngepangana mmoja nyuma ya mwingine, na miguu yako isingeguswa na mtu.

Mtazunguka kwa mkono upi? Uliza. Usikisie kwa kutazama magari barabarani, kwa sababu mgeni kutoka Bujumbura au Kigali ataingia na mkono wake wa kulia, na kocha aliyefundwa Marekani naye ni wa kulia, na wewe na daladala zako ni wa kushoto. Uingereza wana utaratibu wao wa kupishanisha: njia hii inazunguka kwa mwendo wa saa, ya jirani inazunguka kinyume, ili waliotenganishwa na kamba wawe wanaelekea upande mmoja na mikono yao isigongane. Ni ujanja mzuri, na hoteli yenu ingeweza kuuiga kwa bei ya vibao vitatu vyenye mshale. Mwambieni msimamizi. Na wakishika rangi, waandike na Kiswahili.

Kuhusu namna ya kuishi na mtu mwenye kasi bila mkono wake kufika mguuni mwako, hebu tupige hesabu, maana mimi naona jibu lako limo humo. Tuseme wewe unatumia sekunde 50 kwa urefu mmoja, yeye 25. Ukienda na kurudi mara moja, yeye ameshakwenda na kurudi mara mbili. Maana yake, katika kila mzunguko wako mmoja atakupata mara moja, hapungui wala hazidi. Kumbe unajua kabisa kwamba anakuja! Huhitaji kuguswa ili ujue. Ukifika ukutani geuza shingo, tazama nyuma. Ukimwona anakuelekea, hata kama ndiyo kwanza anaanza urefu huo, jibane konani, apite, mwache aende sekunde tano, ndipo usukume ukuta. Ukimwona bado anaelekea ukuta wa pili, nenda zako. Jambo moja tu usilifanye: usijisukume kutoka ukutani wakati yeye ndiyo anafika, ukamtokea mbele ya pua. Hilo linawaudhi wenye kasi kuliko uzito wote duniani, na hapo nawaunga mkono.

Na hilo la kutoguswa unalisema kwa mdomo wako, kabla hamjaanza, bila kuona haya: "Kaka, sipendi kuguswa. Nitakuwa nakupisha ukutani." Maneno hayo hayamvunjii mtu heshima. Mwanamume mwenye akili timamu atasema "sawa dada", na atafurahi, kwa sababu kupishwa ukutani ni bora kuliko kugusa miguu ya watu jioni nzima. Akikataa, umeshamjua ni mtu wa namna gani, na msimamizi umeshajua anapokaa. Nimewahi kusikia wanaosema desturi ni desturi, asiyetaka kuguswa asije bwawani. Siwakubali. Desturi ya bwawa ilitungwa na watu ili wasigongane, na watu wale wale wanaweza kuelewana namna nyingine ukingoni kwa nusu dakika. Mkiwa wanawake wa kutosha hapo kazini, ombeni pia saa moja ya wanawake kwa wiki. Hoteli huikubali mkija kumi kuliko ukija mmoja.

Shosti wako mpange nyuma yako au mbele yako, kwa umbali wa sekunde tano hadi kumi, na stori muzipeleke kwenye kona au kwenye juisi baadaye. Mtashangaa. Mgongo wako pia utakushukuru, kwa sababu ukiogelea chura huku umeinua shingo ili usikie habari za bosi, kiuno kinazama na mgongo unapinda. Daktari hakukutuma huko.

Umeuliza haki yako katika njia ya wastani. Vibao vile si vyeo. Mwendo wa wastani ni wastani wa nani? Kukiwa na wazee watatu wa polepole, wewe ndiye kasi. Ikija timu ya shule, hata huyo kaka ni wa polepole, na nadhani siku hiyo hataki kuguswa mguu. Unasimama ukingoni dakika moja, unatazama nani yuko wapi, unaingia kwa wanaokaribiana na wewe. Njia ya polepole ikiwa imejaa watoto wanaocheza, hilo si lako kulimaliza kwa kuhama kimyakimya. Mwite mlinzi awapeleke sehemu yao. Njia ya kwenda na kurudi si ya kuning'inia, iwe ya polepole au ya kasi.

Na hilo jina ulilojipa, Mzito wa Majini, sijalipenda. Mwaka 2000, Olimpiki ya Sydney, Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta aliingia majini kuogelea mita 100 mtindo huru. Alikuwa amefanyia mazoezi kwenye bwawa la hoteli, kama wewe, na la mita 50 hakuwahi kuliona. Wenzake wawili wa kundi lake waliondolewa kwa kuruka kabla ya ishara, akabaki na bwawa zima peke yake. Bwawa zima, hakuna wa kumgusa mguu! Akatumia dakika 1 na sekunde 52.72, zaidi ya mara mbili ya muda wa mshindi wa dhahabu, na uwanja mzima ukampigia makofi. Uzito si kosa. Wewe fika ng'ambo kwa muda wako, bora njia uiache wazi.

Mumeo mwambie asije kumsalimia mtu. Akitaka kuja, aje na kaptula ya kuogelea na alipie kiingilio, awe wa tatu kwenye njia, apige hodi kama wengine. Urefu wa pili tu hatakuwa na pumzi ya kugombana. Nasema kwa uzoefu wa ndoa.

Nimebakiza mafuta ya nazi. Alijuaje? Yanaelea, mwanangu. Maji yakipigwa na mwanga wa jioni, ukiwa nyuma ya mtu unaona kabisa utando unavyomfuata, na harufu inakaa palepale juu ya maji anapovutia pumzi. Lakini kemia yake ameikosea nusu. Macho hayawashwi na nazi. Klorini, ile dawa ya kusafishia maji ya bwawa, ikikutana na jasho na mkojo hugeuka kloramini, na hiyo ndiyo inayowasha macho na kutoa ile harufu kali ambayo watu husema "leo wametia dawa nyingi". Kwa hiyo akitaka kumtafuta mkosaji, awatazame kwanza wale popo wa kwenye kamba. Mafuta yako kosa lake ni kuimaliza klorini bila faida na kuacha uchafu ukingoni. Oga kwa sabuni kabla ya kuingia, huo ndio wajibu wa kila mtu, yeye na saa yake pia. Nywele zilowanishe kwa maji ya bomba kwanza ili zisinywe sana ya bwawa, uzivalie kofia chini ya vazi lako, na kofia nunua ya silikoni, ile ya mpira mwembamba inang'ang'ania na kung'oa nywele za mbele. Mafuta yapake ukishatoka, nywele zikiwa bado na umande, ndipo zinapoyahitaji.